Majibu ya Kule Chini

Mtoto huyu ninayeeleza habari zake sikumzaa mimi. Ni wa mdogo wangu wa kike, aliyefariki mtoto akiwa bado ana pengo la meno ya mbele. Aliletwa kwangu na mfuko wa nguo na kikombe cha plastiki, akasimama mlangoni akauliza, "Mama mkubwa, nilale upande gani?" Hakulia. Nikajua huyu tutaelewana, maana na mimi si mtu wa kulia.

Nitamsema kama alivyo. Sitampamba na wala sitamchafua, ingawa atakayesoma mpaka mwisho ataona kwamba sababu ya kumchafua ninayo.

Kwanza mjue kazi yangu. Mimi ni mkataji. Tuna ushirika wetu wa wanawake washonaji, na tuna ukumbi mrefu wenye madirisha upande mmoja. Vyerehani vimepangwa safu mbili, na kule mbele kuna meza ya kukatia, pana kama kitanda cha watu wawili. Ndani ya ukumbi ule wote wameketi isipokuwa mtu mmoja, naye ni mkataji. Anasimama kwa sababu kitambaa kikishapitiwa na mkasi hakirudi kuwa kizima, kwa hiyo kila aliyeketi anamtazama yeye kwanza ndipo akanyage cherehani. Mkasi ule nimeushika tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Wateja hawalijui jina nililopewa na baba yangu, wanajua Mama Mkasi tu. Sina shamba, sina nyumba ya kupangisha, mume aliondoka kwa miguu yake mwenyewe. Nina ile sehemu ya kusimama. Nayasema haya mapema ili mtu asije akauliza baadaye, kwani huyu bibi alikuwa na nini cha kupoteza.

Sasa mtoto. Shule ikifungwa nilikuwa naenda naye ukumbini, anakaa chini ya ile meza. Uzi ukijifunga mafundo, washonaji wengine wanakata wanatupa. Yeye aliomba apewe. Analishika bonge la uzi kama mtu anayemshika kuku mgonjwa, analigeuza, anatafuta ncha, anavuta kidogo, anaachia. Usipomwita hali chakula. Mpaka uzi wote umezungushwa kwenye kijiti, mzima, haukukatwa hata mahali pamoja. Sikuwahi kumwona akiacha fundo. Hilo nalo mliweke akilini, kwa sababu ndilo lililonishangaza baadaye.

Alisoma, akasoma tena, akajifunza mambo ya kompyuta. Akapata kazi ya kutengeneza kurasa za kwenye mtandao, anafanyia nyumbani, chumba cha nyuma, mlango nusu wazi. Watu wakiniuliza mwanao anafanya nini, nilikuwa nasema anashona vitu visivyoshikika. Walicheka. Nilisema kwa kujidai, sikatai.

Na sisi alitutengenezea ukurasa wetu wa ushirika. Kazi ikiingia, picha ya kitambaa na vipimo vinawekwa pale, na chini ya picha wanachama wanaandika. Mteja haoni, ni sisi kwa sisi. Ilitufaa sana, maana baadhi yetu wanashonea majumbani kwa sababu ya watoto au miguu. Mmoja anauliza kola iwe ya namna gani, mwingine anajibu, wa tatu anamsahihisha wa pili. Mimi kusoma nasoma. Polepole, midomo ikitembea, lakini nasoma, na kuandika naandika kwa kidole kimoja.

Tatizo lilikuwa jinsi yale majibu yalivyokaa. Mtu akisema neno, anayemjibu anawekwa chini yake, kasogezwa kidogo upande wa kulia. Anayemjibu huyo naye anasogezwa tena, na wa nne tena, na wa tano. Kwenye kompyuta ya mtoto ilikuwa nzuri, kama ngazi ya nyumba ya watu wenye uwezo. Kwenye simu yangu ngazi iligonga ukuta. Maneno ya mbele huko yalibanwa yakawa membamba kama utepe, herufi moja juu ya kichwa cha mwenzake. Mbele zaidi yakatoka kabisa nje ya kioo, ukabaki unaona ukingo wa herufi kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango akasahau kisigino.

Nikamwambia, "Huku ni kuandika au ni kunyonga watu?"

"Simu yako ndogo, Mama mkubwa."

"Simu yangu ndogo, akili yako kubwa. Itengeneze."

"Nitaitengeneza."

Hakuitengeneza. Nikamkumbusha akasema ana kazi ya watu. Nikamkumbusha tena akasema ni kitu kigumu kuliko ninavyodhani, ukivuta hapa kinakunjika pale. Nikasema, "Wewe? Wewe uliyekuwa unafumua uzi wa ukumbi mzima?" Akainama kwenye kompyuta yake. Nilidhani ni uchovu, hata nikampelekea chai.

Hapa nimlete Bi Pindo, maana hadithi haisogei bila yeye. Bi Pindo ni shoga yangu. Cherehani chake ndicho cha kwanza, karibu kabisa na meza yangu, na jina alilipata kwa sababu akikunja pindo la gauni hulioni limeanzia wapi. Tumekula sahani moja. Mume wake alipofariki alilala kwangu mpaka alipoweza kurudi kwenye kitanda chake. Wangu alipoondoka alikuja kunisaidia kumtukana, akamtukana vizuri kuliko mimi. Nikimaliza kukata, yeye ndiye wa kwanza kugusa kitambaa, anakipitisha kiganja, anasema, "Mkono wako hauna mfano." Kila siku. Nilikuwa nasubiri neno hilo kama mtu anavyosubiri chumvi ipitishwe mezani.

Basi ukaja mkutano wa wanachama. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mpole anayeongea kama anayemwamsha mtoto, akamaliza mambo yake akauliza kama kuna mengineyo. Nikasimama.

"Mimi ninalo. Ule ukurasa wetu. Majibu yanabanwa mpaka hayasomeki. Mnaongea huko chini mimi sijui mnaongea nini. Nataka yanyooshwe."

Kila mtu akaangalia magoti yake. Kuna binti wetu mmoja, mshonaji wa blauzi, tunamwita Kidomo kwa sababu mdomo wake haujui mlango. Siku hiyo hata yeye alikuwa anakagua kucha zake.

Bi Pindo akasema, "Shoga, huko chini watu wanataniana tu. Hakuna la maana. Utajichosha macho bure."

"Macho ni yangu."

"Nakuonea huruma tu."

"Huruma yako iweke kwenye vifungo. Mwenyekiti, mimi nimetoa hoja. Anayeipinga asimame aseme kwa nini."

Nani angesimama? Ungesimama useme nini? Nikawatazama mmoja mmoja, nikawaambia, "Mbona mmekaa kama mmemeza pini? Inueni mikono." Wakainua. Mmoja, mwingine, kama maji yanavyopanda. Wa mwisho alikuwa Bi Pindo, akauinua ule mkono mpaka usawa wa sikio tu. Nikarudi nyumbani nimenyoosha mgongo. Wahenga walisema mchimba kaburi huingia mwenyewe, lakini hawakusema kwamba huwa anachimba huku anaimba.

Mtoto alikuwa jikoni anamenya vitunguu.

"Nimekusemea mkutanoni," nikamwambia. "Sasa ni amri ya ushirika, huna pa kukimbilia."

Kisu kikasimama. "Wote wamekubali?"

"Wote."

"Hata Bi Pindo?"

"Wa mwisho, lakini ameinua."

Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyebeba sufuria ya maji moto anakanyaga sakafu iliyomwagika sabuni. Unataka kumwita, unaogopa ukimwita atashtuka. Akasema, "Haya," akaendelea kumenya.

Na alipoanza alianza kweli. Nitampa haki yake, kazi aliifanya kama fundi. Akanifanya mimi kuwa kipimo. Alisema, "Mwenye simu mbovu kuliko wote ni wewe. Wewe ukielewa, ukumbi mzima umeelewa." Akatunga mazungumzo ya uongo ya kujaribia. Kitunguu na Nyanya wanagombea nani atangulie kuingia sufuriani, Chumvi anaamua, Pilipili anachochea. Mimi nikikaa kwenye benchi la uani yeye ananishikisha simu ananiuliza, "Nani anamjibu nani?"

Mara ya kwanza aliiondoa ngazi yote, maneno yakawa sawa upande wa kushoto. Yalisomeka, lakini nikasema, "Hapa wote wanapiga kelele sokoni. Sijui Pilipili anamtukana nani." Akachukua simu akarudi chumbani.

Mara ya pili aliyafunga majibu yote, ukitaka kuyaona ubonyeze, na ndani yake ubonyeze tena. Nikamwambia, "Nitabisha hodi milango mingapi ili nimsikie Chumvi?" Akacheka, akarudi.

Mara nyingi alirudi. Mwisho akaja na hii iliyopo sasa. Ngazi ipo, lakini inakoma kwenye daraja la tatu, baada ya hapo maneno yanashuka chini moja kwa moja na upana wake. Pembeni kushoto kuna mstari wa rangi unaotoka kwa aliyesema kwanza mpaka kwa wote walioning'inia kwake, na kila kundi na rangi yake, unaufuata kwa kidole kama mshono. Juu ya kila jibu kumeandikwa: fulani anamjibu fulani. Ukibonyeza hilo jina, linakurudisha kwenye neno lenyewe lililojibiwa. Na mazungumzo yakikuchosha unabonyeza ule mstari, yanajikunja yote.

Nikaufuata mstari. "Kitunguu hapa anamjibu Chumvi. Hamjibu Nyanya. Nyanya anadhani anajibiwa yeye ndiyo maana amenuna."

Mtoto akapiga makofi. "Ndiyo. Ndiyo yenyewe." Akanikumbatia, kitu ambacho hana desturi nacho. Nami nikajiona nina maana, niwe mkweli.

Kabla hajaiweka kwenye ukurasa wetu wa kweli akaja kukaa karibu yangu.

"Mama mkubwa, nina ombi. Mazungumzo ya zamani niyafunge. Tuanze na mapya."

"Kwa nini?"

"Yamejaa. Hayana kazi."

"Nguo mpya umeinyoosha, za zamani unaziacha kwenye kapu zimekunjamana? Hiyo ni kazi au kiraka? Mkutano umesema majibu yanyooshwe. Haukusema mengine."

"Basi wewe usome mapya tu."

"Kwani ya zamani yana nini?"

"Vumbi."

"Vumbi mimi nimelipangusa maisha yangu yote."

Jioni ile akaiweka, ya zamani na mapya pamoja, kama nilivyotaka.

Kesho yake baada ya chakula cha mchana nilikaa kwenye kizingiti, pana mwanga pale. Nilisoma mapya, yakanifurahisha. Kisha nikavuta chini, kwa udadisi tu, mpaka kwenye kazi ya sare za shule tuliyoifanya zamani kidogo. Nikaliona neno langu mwenyewe: "Mikono ya mashati tayari, chukueni." Chini yake Bi Pindo: "Asante Mama Mkasi, mkono wako hauna mfano." Hilo nililisoma siku ileile lilipoandikwa, nililikumbuka. Lakini chini ya hilo kulikuwa na maneno ambayo simu yangu haikuwahi kunionyesha, na sasa yalikuwa yamekaa kwa upana wake, na mstari wa kijani pembeni.

Kidomo anamjibu Bi Pindo: "Hauna mfano kweli. Mikono yote ya kushoto."

Bi Pindo anamjibu Kidomo: "Polepole, ataona."

Kidomo anamjibu Bi Pindo: "Kwa simu ile? Huku chini hafiki. Huku ni uani kwetu."

Bi Pindo anamjibu Kidomo: "Mkate upya jioni akishaondoka, msimwambie. Macho yameisha. Nimeshaanza kuongea na mwenyekiti, ule mkasi upumzishwe taratibu bila yeye kujua."

Kidomo anamjibu Bi Pindo: "Ukila na kipofu usimshike mkono."

Na Bi Pindo akaweka chini yake vile vikaragosi vya kucheka mpaka machozi.

Nikaendelea na kidole changu. Kazi ile, na iliyofuata, na nyingine. Kila mahali palipokuwa na asante juu, palikuwa na uani chini. Walikuwa wamejua kwamba jibu likisogea mbali halinifikii, basi wakilitaka faragha wanajibizana makusudi, huyu anamjibu yule, yule anamjibu huyu, mpaka wafike kule kwenye kona ambako simu yangu inaishia, ndipo waanze kunisema. Wengine hata walihesabiana kwa utani: "Ongeza jibu moja bado anatuona." Niliwahi kuyaona yale majibu ya "sawa", "ndiyo", "haya" yakipangana, nikadhani ni watu wenye adabu.

Kisha nikafika mahali ambapo Kidomo alikuwa ameandika: "Fundi wa ukurasa, tafadhali usije ukayanyoosha haya, tutakufa." Na chini yake jibu. Nikasoma jina juu yake mara mbili, maana nilidhani macho yangu kweli yameisha. Lilikuwa jina la mtoto. Neno lenyewe lilikuwa moja tu.

"Sawa."

Sikumwita. Alikuwa chumba cha nyuma, nasikia vidole vyake kwenye kompyuta. Niliingia jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Asubuhi nilikwenda ukumbini kama kawaida. Wote walikuwa wameshaketi. Kitambaa cha mapazia kilikuwa kimetandazwa kwenye meza, nimekichora chaki mwenyewe asubuhi ya jana yake. Sikwenda mezani. Nilikwenda kwa Bi Pindo nikaiweka simu juu ya kitambaa alichokuwa anashona.

"Shoga, nisomee hapa. Macho yangu yameisha."

Akatazama. Mguu ukaondoka kwenye kanyagio. Akasoma kwa kunong'ona.

"Kwa sauti," nikasema. "Ukumbi mrefu huu, na wenzako hawakusikia vizuri siku ile."

Akasoma. Neno kwa neno. Alipofika kwa yule kipofu nikamwekea kidole kwenye neno, akalisoma. Hakuna aliyekanyaga cherehani. Kidomo akasema kule nyuma, "Mama Mkasi, tusamehe, ulikuwa mzaha."

"Mzaha ni ule tunaocheka wote, mwanangu. Mimi mbona sikualikwa?"

Bi Pindo akainua uso. Sikuona aibu niliyoitaka. Niliona uchovu.

"Ningekuambia nini?" akasema. "Nani amewahi kukuambia kitu ukamsikia? Nilikuambia usimkopeshe mumeo cherehani, ulininunia msimu mzima. Nikikwambia macho, ungenifukuza kwenye kizingiti chako."

"Labda. Ungejaribu ukafukuzwa. Ungekuwa umefukuzwa kwa ukweli. Wewe ulichagua kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kila siku, umeweka kiganja kwenye kitambaa unanisifu."

"Nilikuwa nakulinda."

"Na vikaragosi vya kucheka? Navyo vilikuwa vinanilinda?"

Akachukua kitambaa cha kupangusia cherehani chake akanipa. Nikadhani ananipa nifute uso, nikataka kumrushia. Kisha nikakitazama. Kilikuwa mkono wa shati la shule. Nikatazama cherehani cha pili, na cha tatu, na safu nzima. Kila mmoja alikuwa na kitambaa cha namna ile kimening'inia pembeni. Ile mikono niliyoiharibu walikuwa wamegawana. Nilikuwa naviona vile vitambaa kila siku, na niliwahi kujisifia moyoni kwamba siku hizi nimewafundisha usafi.

Nikaugeuza ule mkono, uso wa kitambaa nje, mgongo ndani. Wa kushoto. Nikachukua wa jirani yake. Wa kushoto. Kitambaa kile uso na mgongo vinakaribiana rangi, unatakiwa ukikunje uso kwa uso ndipo ukate jozi. Mimi nilikitandaza vibaya sikuona. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Sasa na ukweli nao ukawa upande wao, sikubakiwa na mahali pa kuegemea.

Nikaenda mezani, nikautoa mkasi kwenye mfuko wangu wa aproni, nikauweka juu ya yale mapazia.

"Mlitaka upumzishwe. Basi atakayeushika aushike hapa, nikimwona. Msiuchukue kwa nyuma."

Mwenyekiti akasema kwa ile sauti yake, "Mama Mkasi, tuketi tuzungumze, hakuna aliyesema leo."

"Mimi nimesema leo."

Nilikuwa nimeshawapima kichwani, nikaona hakuna atakayethubutu, nao wangeona haya, na mwisho wangeniomba niuchukue tena. Niwe mkweli, ndivyo nilivyotegemea. Ningekataa mara ya kwanza, nikakataa mara ya pili.

Bi Pindo akasimama. Alikunja kazi yake vizuri, akasukuma kiti ndani, akaja. "Mapazia yanachukuliwa leo," akasema, kama anayeongea na mapazia. Akaushika mkasi. Akaingiza vidole, akatafuta mstari wangu wa chaki, akakata. Ningependa kuandika hapa kwamba mkono ulimtetemeka. Haukutetemeka. Alikata sawasawa, na wale wengine, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kukanyaga vyerehani. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu.

Nilipofika nyumbani mtoto alikuwa amekaa kizingitini, mahali pangu. Alikuwa ameshapigiwa simu, ilionekana usoni mwake.

"Umeyasoma," akasema.

"Nimeyasoma. Na la kwako."

"Mama mkubwa, waliponiomba nilikuwa nimeshayaona yote. Mimi ndiye ninayeutunza ukurasa, naona kila kitu. Nikafikiri nikiacha yalivyobanwa hutaumia. Nikafikiri watachoka wataacha."

"Wale walisema. Wewe ulisoma ukaja kula na mimi."

"Ningekuambia nini?"

"Mnalo swali moja nyinyi wote. Ungeniambia, mama mkubwa, unakata mikono ya kushoto. Ni maneno mangapi hayo? Umeniacha nisimame mbele ya watu niwaambie wainue mikono wanikubalie aibu yangu. Umenikalisha kwenye benchi nikuchezee mchezo wa vitunguu, nafurahi kama mtoto, na wewe unajua huo mstari wa rangi unaniongoza wapi."

Machozi yakamtoka. Sikuwahi kuyaona, hata siku ile alipoletwa na kikombe.

"Ningeweza kuyafuta," akasema. "Kabla sijayanyoosha. Ni kubonyeza tu, usingejua mpaka unakufa. Nilikaa na kidole hapo. Nikaona nikiyafuta nitakuwa nimekudanganya mara mbili."

"Kwa hiyo nishukuru."

"Sikusema hivyo."

"Toka kizingitini nipite."

Nampa haki yake, nilisema tangu mwanzo. Hakuyafuta, na baadaye mwenyekiti alipompigia kumwomba ayafiche kwa ajili ya amani ya ushirika, nilimsikia kwa masikio yangu akikataa. "Mwenyewe atakapotaka," alisema. Mimi sitaki. Yabaki hapo, na majina juu yake, kila anayemjibu mwenzake ajulikane. Ushirika mwingine umeshaona ukurasa wetu ukamwita awatengenezee namna hiyohiyo. Wanasema majibu yanasomeka vizuri. Ni kweli, yanasomeka.

Ukumbini sijarudi. Bi Pindo alikuja mara moja akabisha, nikamjibu kutoka ndani kwamba mwenye nyumba hayupo. Akasema, "Nakusikia unaongea." Nikamwambia anasikia vibaya, masikio yake yameisha. Alikaa kidogo pale nje, akaondoka. Mapindo yake nayajua, lakini hili hawezi kulikunja lisionekane.

Na mtoto yupo. Tunapika, tunakula, tunaulizana kama mlango umefungwa. Juzi alikuja uani na simu mkononi, akasimama mbali kidogo na benchi.

"Mama mkubwa, nimebadilisha ule mstari wa pembeni kwa ajili ya wale wa ushirika mwingine. Niangalizie kama unauona."

Nilikuwa nachambua mchele. Sikuinua kichwa.

"Mtafute mwenye macho," nikamwambia.

Hakuondoka. Alikaa kwenye ncha ya pili ya benchi, akaiweka simu katikati yetu, kioo kikiwa juu, akaanza kuchambua mchele na yeye. Nikauvuta ungo upande wangu.